Rangi Chini ya Gari la Taratibu

Benchi la kahawa liko kwenye kona, mkabala na geti la gereji, na anayekaa mwisho wake anaona uani moja kwa moja. Siku hiyo hakuna aliyetaka kukaa mwisho. Uani palikuwa na gari la Taratibu, limeinuliwa kwa jeki upande mmoja, mlango wa dereva wazi. Taratibu ni dereva wa kukodi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari, ndiyo maana akaitwa hivyo. Juzi alikanyaga breki kumpisha mtu wa baiskeli, bati la sakafu likafunguka chini ya kisigino chake, na mguu ukashuka mpaka barabarani gari likiwa bado linakwenda. Kwenye benchi walikuwa watatu: Betri, anayeuza na kuchaji betri za magari, Methali, karani mstaafu, na Msasa, anayepaka rangi ya kuzuia kutu kwenye sakafu za magari. Gari lile alilipaka yeye. Mzee wa kahawa alimimina bila kuulizwa.

Betri: Mimi nasema ni samaki.

Methali: Samaki kafanyaje tena?

Betri: Si alikuwa anambeba yule mama wa samaki? Maji ya chumvi yanadondoka, yanaingia chini ya zulia. Chumvi na bati ni wake wenza, bwana. Haviishi nyumba moja.

Methali: Yule mama alipanda mara moja. Tena na samaki wakavu.

Betri: Chumvi ni chumvi.

Methali: Na tindikali ya betri zako? Si wewe uliyemuuzia?

Betri: Betri iko mbele huko kwenye injini. Tindikali iruke mpaka miguuni kwa dereva, ina mabawa?

Methali: Wahenga walisema, mdharau mwiba, mguu huota tende.

Mzee wa kahawa akapangusa kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Mzee wa kahawa: Methali, za mguu ziache leo.

Methali: Imenitoka tu. Basi ni bati lenyewe. Magari ya siku hizi yanatengenezwa kwa sufuria zilizoyeyushwa. Nimeambiwa na mtu anayejua.

Betri: Nani?

Methali: Mtu.

Mzee wa kahawa: Mnamsahau paka. Kuna paka alikuwa analala ndani ya gari lile. Mkojo wa paka unatoboa chuma.

Betri: Afadhali hata useme umeme. Usiku umeme unavuja kwenye betri, unatafuta ardhi. Ukiikosa, unakula bati kidogo kidogo.

Methali: Kumbe ni betri zako!

Betri: Si zangu. Za wenzangu.

Methali: Basi nami niseme. Mwezi ukijaa unavuta maji ya bahari, kweli si kweli? Sasa utashindwaje kuivuta kutu iliyolala ndani ya bati? Gari linalolala nje kila mwezi mpevu linavutwa. Linavutwa mpaka linaachia.

Betri alianza kucheka, akaacha. Msasa alikuwa akikwangua rangi nyeusi iliyoganda pembeni mwa kucha zake. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

Msasa: Nilisugua.

Betri: Nani kasema hukusugua?

Msasa: Hakuna. Ndiyo maana nasema mwenyewe. Nilitoa viti, nikatoa zulia. Nikasugua kwa brashi ya waya mpaka bati likang'aa. Nikafuta kwa thina, nikaliacha likauke. Praima kwanza, kisha ile nyeusi, juu na chini. Sikuruka hatua.

Methali: Sasa tatizo liko wapi?

Msasa: Asubuhi nimeingia chini yake. Bado kunameta. Ukisukuma kwa kidole, kidole kinapita. Iliyobaki ni rangi, bati halipo. Limeliwa kutoka juu, chini ya zulia. Na zulia limelowa mpaka leo.

Mzee wa kahawa: Maji yameingilia wapi?

Msasa: Mpira wa mlango umechoka. Mvua. Viatu vya abiria. Maji yataingia tu, Mzee, gari si chupa. Kiwandani wanajua, ndiyo maana wanaacha matundu sakafuni, yashukie hapo.

Betri: Na hayo matundu?

Msasa: Niliyaziba.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote walikuwepo. Ulikuwa msimu wa vumbi, wateja wakilalamika kwamba linapanda kutoka chini ya viti, na Msasa akauliza kwenye benchi hili hili afanyeje. Methali aliinua kidole akasema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Betri akapiga makofi. Tangu siku ile, kila sakafu iliyopita mikononi mwa Msasa ilizibwa matundu kwa kipande cha bati na gundi, rangi ikapita juu, isijulikane palikuwa na nini. Wateja walisifu. Kwa Msasa, walisema, hapiti hata sisimizi.

Methali: Mimi nilikuwa nazungumzia ukuta.

Msasa: Ulikuwa unaonyesha gari.

Methali: Methali ni mali ya kila mtu. Fundi ni wewe.

Msasa: Mbona nilipokuwa nasifiwa ulisema wazo ni lako?

Betri: Jamani, jamani. Tusinyang'anyane mbao na meli haijazama. Taratibu atatoka, atakaa hapa, atatucheka.

Alikuwa hajamaliza kusema mke wa Taratibu alipofika, akitokea hospitali, mfuko wa vyombo mkononi. Alikuja kuchukua koti la mumewe lililobaki garini. Wanaume walisogea wampe nafasi. Hakukaa.

Betri: Karibu, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

Mke: Ameamka. Mguu wanaukata kesho, chini ya goti.

Mzee wa kahawa aliweka birika chini. Msasa akasimama.

Msasa: Shemeji, mimi ndiye...

Mke: Najua. Kaa, shemeji. Hajanituma ugomvi. Ana swali moja, analirudia tangu alfajiri. Anasema sakafu ilipofunguka, maji yalimwagika kabla ya damu. Maji mengi. Akajua matundu yalizibwa. Anauliza, magari mengine uliyoyaziba hivyo ni yapi? Wenyewe waambiwe.

Msasa alibaki amesimama.

Betri: Kulikuwa na lile la mwalimu.

Msasa: Aliliuza.

Betri: Kwa nani?

Msasa: Sijui.

Mzee wa kahawa: Yale mabasi madogo ya shule?

Msasa: Yaligawanywa. Mengine yamepelekwa mbali.

Mke: Ni mangapi, shemeji?

Msasa: Yote. Tangu siku ile, yote niliyopaka.

Mke wa Taratibu alimtazama Methali, labda kwa sababu ndiye mkubwa wao. Methali alifungua kinywa. Walizoea kwamba akikifungua hivyo, kitu kinatoka. Safari hii alikifunga.

Gari la Betri lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka kwenye benchi, limejaa betri za wateja. Msasa alilisogelea, akalala chali kwenye vumbi, akajisukuma chini yake mpaka wakamwona magoti tu.

Mke: Na hili?

Msasa, kutoka chini: Nililipaka.

Mke: Likoje?

Msasa: Linameta.

Mke: Kwa hiyo ni zima?

Magoti ya Msasa hayakusogea. Betri alikuwa ameshika ufunguo. Asubuhi alikuwa amewapeleka wanawe shule kwa gari hilo, na saa ya kwenda kuwachukua ilikuwa imekaribia. Kilichotakiwa ni kufungua mlango na kuinua zulia. Mzee wa kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Betri. Zilishuka chicha tupu. Betri alikichukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akakitazama ndani. Ufunguo ulibaki kwenye mkono wa kulia.