Foleni ya Wenye Nyuzi

Benchi la kijiweni limegongwa kwa mbao tatu na misumari mingi kuliko akili, nalo lipo mbele ya kibanda cha fundi cherehani, pale ukuta unapotupa kivuli asubuhi. Wanaoliketia ni walewale. Yupo Mkasi, mwenye kibanda, ambaye ulimi wake ulimpa jina kabla ya kazi. Yupo Breki, aliyetengeneza malori miaka thelathini na hadi leo hawezi kupita penye gari bila kuinama kuchungulia uvunguni. Yupo Mhuri, karani mstaafu, anayeamini hakuna balaa lisilotibika kwa fomu iliyojazwa vizuri. Na Mama Birika, muuza kahawa, huwasikiliza wote na kuwaheshimu nusu yao. Kwa miezi miwili sasa mada ni moja: mguu wa kushoto wa Mkasi.

Siku hiyo Mkasi alirudi kutoka hospitali saa nne asubuhi, mapema mno kwa mtu aliyetibiwa. Aliegesha magongo ukutani, akaunyoosha mguu mbele yake, akakaa kimya. Mkasi akikaa kimya ujue pana jambo.

– Wamesemaje, baba? Mama Birika alimuuliza, huku akimmiminia.

– Wamesema sina nyuzi.

Kisa chenyewe kila mtu alikuwa anakijua. Pikipiki ilimgonga akivuka barabara na robota la vitambaa begani. Hospitali walimfungua muundi, wakamwekea bamba la chuma na skrubu sita, wakamshona, na siku ya nne wakamruhusu kwenda nyumbani na karatasi: arudi baada ya wiki mbili, atolewe nyuzi, kidonda kikaguliwe. Alirudi. Dirisha namba nne wakamwambia faili halionekani. Akarudi tena, daktari yuko semina. Akarudi mara ya tatu, daktari amehamishwa na wa kushika nafasi yake hajaripoti. Nyuzi zikaanza kuzama kwenye nyama. Ndipo fundi akafanya la kifundi. Alichemsha wembe wake wa kufumulia, akaketi kitandani, akakata uzi mmoja mmoja na kuuvuta, kama anayefumua pindo la suruali ya mteja. Zilitoka zote, naye akajisifu kwamba mkono wake haujawahi kutulia vile. Wiki iliyofuata usaha ukaanza.

– Karani kaitazama karatasi, akaniuliza nyuzi ziko wapi. Nikamwambia ukweli, nimezitoa mwenyewe. Akasema foleni hii ni ya wenye nyuzi, nenda kwa wagonjwa wapya. Nimepanga kwa wapya. Nao wakasema wewe si mpya, umepasuliwa hapahapa, rudi dirisha namba nne.

Mhuri alikohoa kama mtu anayetaka kufungua kikao.

– Samahani ndugu yangu, lakini kosa ni lako. Ofisi ina utaratibu wake. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

– Guu lilivunjika kwanza, Mhuri. Mkuu nimeanza kumsikiliza baadaye.

– Hata hivyo, haraka haraka haina baraka.

– Uambie usaha.

Mama Birika alicheka. Mkasi hakucheka. Alikuwa na hasira ya siku nyingi.

– Mimi nikimshonea mtu suruali, namwambia rudi ujaribu. Akirudi naacha kazi ya watu wote, namzungusha, natazama pindo, natazama kiuno. Ikivuta, nafumua. Na hiyo ni suruali, kitambaa tu. Mimi wamenishona nyama, na hakuna aliyetaka kujua kama imekaa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mkasi hakulisema. Tangu juzi mtoki ulikuwa umemvimba kinenani, na jana jua lilipokuwa kali alitetemeka kwa baridi akiwa na koti. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Kwenye foleni ya asubuhi alikaa na mgonjwa ambaye yeye Mkasi alimwona palepale mwezi uliopita, naye akiwa na kidonda mguuni. Safari hii suruali ya yule mtu ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Mkasi aliiangalia ile pini kwa muda mrefu, na woga uliomwingia pale ndio uliomrudisha kijiweni na hasira zote hizi.

Kijiwe hakikai kimya muda mrefu. Mhuri akaja na yake: faili halikupotea, limepewa mtu.

– Sasa hivi kuna bwana mzima kabisa, miguu yake miwili, anatibiwa kwa jina lako. Anakaguliwa kila wiki. Kimaandishi, wewe umeshapona.

– Basi mwambieni aje akanyage cherehani, alisema Mkasi.

Breki akasema shida si faili, shida ni chuma. Miaka yote aliyokaa gereji ameona springi za malori zikipotea, na hakuna aliyewahi kumwambia zinakwenda wapi. Bamba la mguuni kwa Mkasi ni springi iliyokatwa, anaapa. Akipewa spana akagonga mara moja tu, ataitambua kwa mlio.

– Ukigonga nitakugonga, Mkasi alimwambia.

Mhuri hakukubali kuachwa nyuma. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuuona uso wa daktari wa upasuaji. Amefunika pua, amefunika mdomo, amefunika nywele. Yanabaki macho, na macho yanaweza kuwa ya mtu yeyote. Kwa hesabu yake yeye, daktari wa upasuaji ni mmoja tu nchi nzima, anazungushwa, ndiyo maana kila ukifika amehamishwa.

– Dua la kuku halimpati mwewe, alimalizia, na hakuna aliyeelewa kuku alikuwa nani.

Breki aliinuka, akaenda gereji ya jirani, akarudi na sumaku iliyong'olewa kwenye spika kuukuu. Nadharia yake mpya ilikuwa kwamba wameacha koleo ndani. Akapiga goti mbele ya Mkasi na kuipitisha sumaku taratibu juu ya suruali, kutoka goti hadi kifundo cha mguu, sikio amelitega. Mhuri alikuwa amesimama nyuma yake akimwelekeza arudi juu kidogo.

Wakiwa katika shughuli hiyo alifika mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya shule ya bintiye. Sare haikuwa tayari, na Mkasi alimwomba radhi, akamweleza kwa kifupi kuhusu mguu. Yule mama alimtazama Breki na sumaku yake. Akavuta hewa puani, akaisikia harufu ya mguu.

– Poleni. Lakini nani ameutazama?

– Ametazama nini? aliuliza Mhuri.

– Mguu. Nani kaufungua akautazama?

Kule hospitali, karani alitazama karatasi. Nesi wa mlangoni alitazama tarehe. Wa dirisha la dawa alipitisha vidonge vya maumivu tunduni bila kuinua kichwa. Mke wa Mkasi alikatazwa asishike. Mkasi mwenyewe hubadilisha kitambaa macho yakiwa ukutani. Na kijiwe, kilichoujua mguu ule kuliko madaktari wote, hakikuwahi kuona hata kidole chake.

Hasira iliyokuwa imeelekea dirisha namba nne ikageuka na kuwaangukia waliokuwa karibu.

– Miezi miwili mnaunywea kahawa mguu wangu, alisema Mkasi. – Wataalamu wa springi, wataalamu wa mafaili. Haya, tazameni.

Akaikunja suruali, akaifungua bendeji. Ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi kandokando, na pale katikati, kwenye uwazi wa kuingia kidole gumba, bamba la chuma lilionekana. Breki aliiweka sumaku chini. Alikuwa ametaka sana kukijua chuma kile ni cha aina gani, na sasa alikuwa anakiona.

– Lala, alimwambia Mkasi.

– Nilale wapi?

– Hapohapo. Mhuri, shika upande ule.

Wakalinyanyua benchi na mtu wake, wakashika njia ya hospitali. Mama Birika akatangulia kusimamisha magari, yule mama wa sare akabeba magongo. Mhuri, ambaye hakuwahi kupita nje ya foleni maishani mwake, aliipita foleni yote akihema, wakalitua benchi chini ya dirisha namba nne. Karani akaomba karatasi.

– Karatasi umeiona mara nne, Mhuri alimwambia. – Toka huko ndani uje uone mguu.

Karani akainuka, akachungulia, akarudi nyuma akimwita daktari. Akaja kijana mmoja, mgeni, aliyeripoti asubuhi ileile. Alipiga magoti sakafuni, akavaa glovu, akabonyeza pembeni ya kidonda, akapandisha mkono hadi kwenye mtoki. Mkasi alimwuliza kama mguu utabaki. Kijana alisema atajaribu, akasema hawezi kuahidi. Kisha akainua uso na kuwatazama, mmoja baada ya mwingine, naye amekasirika kwelikweli.

– Mtu wenu anaoza namna hii, aliuliza, nyinyi mlikuwa wapi?