Dakika Nzima ya Mama Dakika

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka muuguzi aliyefanya kazi wodini miaka thelathini na mmoja. Wengi mlimjua kama Mama Dakika. Tumemzika juzi, na mimi bado ulimi unakataa kusema "marehemu".

Jina hilo alibandikwa na wauguzi wenzake, kwa kumtania. Kila mgonjwa alimhesabia pumzi kwa dakika nzima. Si nusu dakika kisha azidishe mara mbili. Dakika nzima. Na alikuwa na ujanja wake: alimshika mgonjwa mkono kama anayehesabu mapigo ya moyo, kumbe macho yako kifuani.

"Mtu akijua unamhesabu pumzi," alikuwa akisema, "anaanza kupumua kwa adabu."

Asubuhi moja aliingia zamu, akapitia chati za wagonjwa kumi na wawili. Joto tofauti, presha tofauti. Lakini pumzi, kila mmoja ishirini. Akamgeukia muuguzi mpya aliyekuwa akimkabidhi zamu.

"Mwanangu, hii ni wodi au kwaya? Wote wanapumua kwa pamoja?"

Yule binti akainamisha kichwa. Alikuwa amechoka hoi, akaandika ishirini kwa mazoea tu.

Mama Dakika hakumgombeza. Wakaanza upya, kitanda kwa kitanda. Kitanda cha sita alilala fundi cherehani aliyevunjika mguu. Joto la kawaida, presha nzuri, anapiga soga na jirani yake. Pumzi, thelathini na mbili. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika. Huyu, thelathini na mbili. Daktari akaitwa mbio. Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imefika kwenye mapafu.

Wasikilizaji wapendwa, fundi yule ni baba yangu. Ana miaka sabini na minne sasa, na bado anakosoa mikunjo ya suruali zangu.

Na yule binti? Leo ndiye muuguzi mkuu wa wodi ileile. Ndiye aliyemuuguza Mama Dakika mpaka mwisho. Amenisimulia hivi:

"Siku ya mwisho nilimshika mkono. Akafumbua jicho moja, akaniuliza, 'Ngapi?' Nikamwambia, 'Nahesabu mapigo, mama.' Akatabasamu. 'Mapigo yako mkononi, mwanangu. Mbona macho yako kifuani?' Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia, 'Nane.' Akasema, 'Haya. Andika hiyohiyo.'"

Kwa mume wake, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira. Deni letu kwake halilipiki. Nasi tujiulize: ni nani tunayeishi naye nyumba moja, tukamwandikia "hajambo" kwa mazoea, bila kumtazama?

Sasa tukae kimya kwa heshima yake, dakika moja. Nzima, tafadhali. Angejua tukiipunja.