Masikio ya Mtoto wa Filamu

Makini! Mji mzima wa Albertville, toka mto Kalemie hadi bandarini, usimamishe kazi! Kuku nao wanyamaze! Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka nyota wa sinema, Papa Barnabé. Aliigiza filamu moja. Ilidumu dakika kumi na nane, na nusu yake anaonekana mgongo tu.

Papa Barnabé aliendesha winchi bandarini. Homa ilimchukua mwezi uliopita. Mjane wake, Mama Clémence, yuko nasi studioni.

Mwaka 1963 mwalimu Edmond alitengeneza filamu kwa kamera yake mwenyewe. Papa Barnabé aliigiza baba anayekimbia nepi, kisha anarudi nyumbani kwa aibu. Mtoto aliazimwa kutoka kwa jirani, Mama Virginie. Filamu haikuwa na sauti. Mwanafunzi mmoja alijificha nyuma ya shuka jeupe la kuonyeshea filamu, na kipaza sauti, akiwasemea wote, hata mtoto.

Siku ya kuonyeshwa, Mama Clémence alicheka mpaka machozi. Kisha sauti ikasema kwamba mtoto ana masikio ya Papa Barnabé. Jina lake la kweli! Katika filamu baba huyo aliitwa Jérôme. Watu wakaangua kicheko. Mama Clémence akaacha kucheka.

Tangu hapo, kila misa alikaa nyuma ya Virginie, akichunguza masikio ya mtoto. Nyumbani alimvua mumewe kofia, akalinganisha.

"Clémence, ile ilikuwa muchezo tu."

"Muchezo unajua jina yako?"

Miaka miwili. Hata kitandani, homa ikimtetemesha, Papa Barnabé alirudia kwamba huyo ni jirani, si zaidi: "Virginie njo jirani tu." Siku ya kilio Virginie alileta sufuria ya sombe, majani ya muhogo. Alirudishwa mlangoni.

Nani alitunga maneno yale, wasikilizaji? Tunamshuku mwalimu. Tunamshuku Virginie. Mama Clémence anaomba tuyarudie kama yalivyosemwa. Basi, kwa sauti ya puani: "Eee, Papa Barnabé, masikio njo yako kabisa!"

Mama Clémence ameinua kichwa.

"Rudia."

Wasikilizaji, hapa tungeweka muziki...

"Mutoto, rudia! Ile sauti njo yako. Mwalimu aliandika vile?"

Hapana, Mama. Nyuma ya shuka nilikuwa mimi, na maneno yale niliyaongeza mimi. Nilitaka watu wacheke.

Mama Clémence anafunga kitenge chake. Anasema anakwenda kwa Virginie, nami nitatangulia kubisha hodi. Poleni, jamaa wote wa marehemu. Nanyi mliocheka siku ile, jiulizeni mlimcheka nani. Papa Barnabé, ulisema kweli. Nisamehe.