Zipporah Kadii Garama, Aliyeliliwa Angali Hai

Ndugu waombolezaji, mimi Dena Garama, kaka wa marehemu, kwa idhini ya wazee nawasomea maisha ya dada yetu.

Zipporah Kadii alizaliwa Rabai tarehe 3 Machi 1891, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Garama na mama yetu Nyevu, akabatizwa, akasoma shule ya misheni toka 1899 hadi 1906.

Krismasi ya 1907, katika mchezo wa kuigiza kanisani, alikuwa Raheli wa Biblia, afaye akijifungua, na alipokata roho njiani kwenda Efrathi, mama, ambaye hakuwahi kuona mchezo, aliangua kilio cha msiba, akina mama wote wakakipokea, na kwa kuwa kwetu kilio kikishaanza hakikatizwi, Kadii mwenyewe alizunguka akiwabembeleza, wengine wakamfukuza, wakimwambia awaache, wamefiwa. Mama alimsamehe kwa sharti moja, kwamba kila akifa mchezoni na kuinuka, kabla ya kusalimu mtu yeyote aje kwanza ampe yeye mkono.

Mwaka 1909 aliingia kundi la michezo la Bwana Harish, mwenye duka la nguo Malindi, ambamo hapo awali wanaume ndio waliovaa sari na kuwa wanawake, akacheza Malindi, Kilifi na Mombasa, mama akifuatana naye kila mahali, na sharti lile hakulivunja hata mara moja.

Tarehe 14 Juni 1911 alifunga ndoa na Jefwa Randu, seremala wa Tezo, wakajaliwa Kanze, 1912, na Kenga, 1915.

Mwaka 1913 msafiri mmoja alimpiga picha zile zinazokwenda, akiwa Raheli, na tulipooneshwa picha hizo huko Malindi mwaka 1916, Kadii alikufa pale kwenye shuka nyeupe, picha ikaishia hapo, hakuinuka, lakini alikuwa ameketi kando ya mama, akampa mkono gizani.

Novemba mwaka huu, 1918, aliwauguza majirani kwa homa hii iliyoenea, naye ikampata tarehe 28, akafariki Jumatano, tarehe 4 Desemba. Tangu saa ile mama hajalia, ameketi hapa mnamwona, mkono wa kulia ameufungua juu ya goti, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuufunga.

Tunamshukuru daktari wa Malindi, majirani wa Tezo, Bwana Harish na wenzake wa mchezoni, na mke wa Bwana Harish, Bi Bhanumati, aliyeshona sanda.

Pumzika kwa amani ya Bwana, Kadii, na siku ya parapanda, ukishainuka, sisi tutangoja, nenda kwanza kwa mama.