Mganga Asiyeganga Damu Yake

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Waithira, kifungua mimba wa Mzee Kahiga wa Mwai, na nimesimama kuwasomea maisha ya baba yetu. Wazee wa kanisa waliniomba niseme alikuwa mkulima tu. Mkulima alikuwa, lakini nusu ya mlioketi chini ya hema hili hamkuwa mkija kwake kwa ajili ya chai, na mnajijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, hapa Othaya, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1966, kisha akawa msaidizi wa babu yake, aliyekuwa mganga. Tarehe 14 Desemba 1974 alimwoa mama yetu, marehemu Phyllis, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Ngugi.

Watu walimjia wakiwa wamepotewa na usingizi, moyo ukiwadunda bila sababu, wengine hawaongei, hawali, hata kuoga hawataki. Hakuanza kazi kabla jamaa wote hawajaketi uani na kusema nani amekosana na nani, ndipo alimpa mgonjwa dawa ya kunywa, akamwambia ataje yanayomsumbua, na kila akitaja, ateme chini. Aliyetamka habari ya kujiua, baba alimfikisha hospitali siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe.

Mwaka wa 2021 Ngugi alirudi kutoka Nanyuki, kazi ya hoteli imeisha, akajifungia chumbani, jua hataki kuliona. Katika ukoo wetu mganga hagangi damu yake, basi baba akampeleka kwa mganga mwenzake kule Kiriaini, na kila mwezi kliniki, akimsimamia ameze dawa zake. Nanyi mkacheka sokoni, ati mzee ameshindwa na mtoto wake! Hakushindwa, jamani. Ngugi alirudi shambani, akachuma chai, akatania watu kama zamani.

Presha ilimwanza baba Januari mwaka huu wa 2025, akalazwa tarehe 9 Juni, akatuacha tarehe 17, Ngugi akiwa amemshika mkono. Tangu hapo Ngugi analia na chakula hakipiti, na hebu niambieni, nani hapa amefiwa na babake asilie? Lakini jana ndugu za baba walikaa bila kuniita, wakaamua kwamba tukishazika afungwe kamba, apelekwe kambi ya maombi akafungiwe huko, eti hata babake alishindwa naye. Gari limeegeshwa pale langoni, na wa kumkamata wamo ndani. Baba mdogo Mugo, nakuona, usiangalie chini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia baba, majirani waliochimba kaburi, wachumaji chai wenzake, na mganga wa Kiriaini, ambaye ameketi nyuma kabisa kwa sababu hakuna aliyempa kiti huku mbele. Ngugi ndiye atakayetia udongo wa kwanza, kisha atarudi nyumbani nami, na Alhamisi tuko kliniki pamoja. Anayetaka kumshika aanze na mimi, hapa hapa, mchungaji akiona na baba akiwa bado hajafunikwa.

Baba, umetuangalia vya kutosha, sasa pumzika kwa amani. Ngugi, simama mdogo wangu, njoo ushike koleo.