Mwalimu Aliyekataa Madawati

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitindamimba wa watoto watano. Mama yake alikuwa dobi, akitoka alfajiri na kurudi jioni, na kwa kukosa wa kumwachia mtoto alimfungia ndani. Hatumlaumu bibi, watoto walipaswa kula. Lakini mama alimaliza miaka yake ya mwanzo hana wa kumsemesha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 hajui kuimba wala kuuliza, wenzake wakambandika jina Bubu. Aliyemfungua kinywa ni shangazi yake, mshona nguo, aliyemchukua kwake, akapiga naye soga kutwa huku akimwachia vifungo avipange apendavyo. Bubu akaanza kusema, na tangu hapo, jamani, nani aliwahi kumnyamazisha?

Alihitimu ualimu wa chekechea mwaka 1974. Shemeji mmoja, mume wa dada yake, akamcheka: "Kucheza na watoto nako ni kazi?"

"Ni kazi," akamjibu. "Na wewe ungechezeshwa mapema, usingeuliza swali hilo."

Darasani kwake mtoto hakupokelewa mpaka mzazi avue viatu, akae sakafuni, acheze na mwanawe asubuhi nzima. Wenye tai zao waliona haya, lakini walicheza.

Mwaka 1977 aliolewa na baba yetu, fundi seremala. Miaka kadhaa baadaye mwalimu mkuu wa shule yake alimwagiza baba madawati, ili chumba cha mama cha kuchezea watoto kigeuzwe darasa la watahiniwa. Baba, maskini, akadhani anampelekea mkewe zawadi. Akayaleta yanang'aa kwa vanishi. Mama akayazunguka, akayapapasa.

"Mume wangu, kazi safi. Sasa lete msumeno."

Miguu ikakatwa, yakawa meza za watoto kujengea vibanda vya mbao. Mwalimu mkuu alifura mpaka shati likambana. "Nyumba unaanza na paa?" mama akamuuliza. "Hawa wa mtihani wanakwama kwa sababu hapa chini palirukwa." Chumba kikabaki.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akiwa bado anafundisha chumbani mle hata baada ya kustaafu. Wiki yake ya mwisho hospitalini, kamati ya shule ilimjulia hali, ikamweleza kwa upole kwamba "akishapumzika" chumba kitakuwa stoo. Walipotoka, akamgeukia binti yake mkubwa, msaidizi wake darasani: "Usinililie mpaka umefungua ule mlango." Alifariki tarehe 14 Juni 2024, baba akiwa amemshika mkono. Imetuuma, na bado inatuuma.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wanafunzi ambao baadhi yao ndio waliobeba jeneza hili. Wanakamati, tumewaona mmekaa pale nyuma, karibuni. Jumatatu asubuhi dada yetu anafungua chumba, na sisi wote tutakuwa mlangoni. Anayetaka stoo akajenge kwingine.

Mama, pumzika kwa amani. Sisi hatupumziki.