Mama Spana na Kopo la Bolti Zilizobaki

Baada ya miaka thelathini na moja katika masjala ya ofisi hii, Mama Spana alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua ya ajira ilimwita karani wa mafaili. Ila muulize mtumishi yeyote hapa, atakwambia karani huyo alionekana chini ya gari mara nyingi kuliko juu ya kiti. Jarida limenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nilikaa naye meza moja, na kwa sababu wenzangu wote waliogopa kwamba atausoma.

Aliingia masjala akiwa binti wa viatu vya kisigino na mwandiko mzuri. Baada ya muda akanunua gari, sedani ya rangi ya maziwa iliyokwisha kuchoka kabla hawajaonana. Fundi wa kwanza aliyempelekea alimtajia bei. Mama akamsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akavuka barabara na kwenda kununua spana. Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyeonja hela yake.

Kazi ya masjala aliijua, tusimnyime haki yake. Faili lililopotea idara nzima ikakata tamaa, yeye alilipata kabla chai haijapoa. Shida ilikuwa grisi. Kila aliyepandishwa cheo ofisini humu ana alama ya dole gumba la Mama Spana kwenye jalada la faili lake, na wakaguzi walipouliza wakaambiwa ni utaratibu wa masjala. Wakaridhika. Gari nalo lilifungwa kwa kamba za mafaili kuanzia boneti hadi ekzosi. Waipa ya kufutia kioo cha mbele ndiyo ilikuwa kiboko: mota yake ilikufa zamani, Mama akatoboa njia mbili za kamba. Mvua ikinyesha, dereva anavuta kulia, abiria wa mbele anavuta kushoto, zamu kwa zamu. Asiye na abiria anaegesha pembeni na kusubiri Mungu amalize. Sisi tuliozoea lifti yake tulikuwa na mikono ya wavuta makasia.

Udereva wake ulikuwa na imani zake. Mteremko aliushuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta, na mlima akaupanda kwa dua za abiria. Indiketa aliiwasha mapema kiasi kwamba waliokuwa nyuma walikata kona wao, yeye bado yuko njiani. Hakumpita mtu kwa mwendo, ila kwa maneno aliwapita wote, vioo vikiwa vimefungwa, na akikutana na dereva mwenye mvi, Mama alianza kwa kumwamkia shikamoo ndipo akamweleza alivyo mjinga.

Lakini kilichomvumisha zaidi ni bolti zilizobaki. Kila alipofungua kitu na kukifunga tena, palibaki bolti moja au mbili zisizo na kwao. Mimi na wewe tungekosa usingizi. Mama Spana alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga pale mezani, akasema waliotengeneza gari hilo walikuwa waoga, wakazidisha.

Hapo ndipo yalipoanza mambo ya mzee wake. Mume wa Mama Spana ni mwalimu wa hesabu, naye alistaafu kabla yake, mtu mpole lakini akisema nane ni nane. Mwaka fulani Mama alifungua kiti cha abiria, akakirudisha kwa bolti tatu badala ya nne. Alisema kama chungu kinatulia juu ya mafiga matatu, kiti kina maringo gani. Asubuhi iliyofuata, walipoanza kupanda mlima, Mwalimu akaondoka na kiti chake hadi siti ya nyuma, chali, trei ya mayai kifuani. Alijipangusa, akashuka, akaapa kutopanda tena gari hilo mpaka kopo liwe tupu.

Na hakupanda. Miaka yote hiyo wametoka nyumba moja kwenda mjini, mmoja na gari, mwingine na basi. Mama akipita kituoni alipunguza mwendo na kupiga honi, Mwalimu akaangalia mawingu. Sisi tulicheka. Mama hakuwa anacheka, ila tulichelewa kujua.

Tulijua mwezi wa mwisho. Wamejenga mbali, safari ya usiku kucha, na walipanga kuhama jioni ileile ya kumuaga. Mwalimu alikuwa ameshakata tiketi yake ya basi. Mama aliniambia, huku anakoroga chai iliyokwisha kukorogeka, kwamba hataki kuuanza uzee akiongea na kiti kitupu. Akainuka, akamimina kopo zima juu ya mafaili, akaanza kuzitafutia bolti makwao. Kila mapumziko ya mchana tulilala naye chini ya gari. Mpika chai aligundua tundu sita peke yake.

Kufikia siku mbili kabla ya sherehe, kopo lilikuwa tupu. Akafurahi mno, na kwa furaha hiyo akamfanyia Mkurugenzi zawadi ya kuagana: alimrekebishia kiti cha gari lake kilichokuwa kinagoma kusogea. Kesho yake akachungulia kopo. Bolti moja. Alijaribu kila tundu la sedani, haikuingia popote. Mimi nilimshauri aitupe majanini, nani atajua. Akasema gari amelidanganya miaka mingi, mume hapana.

Siku ya sherehe Mwalimu alikuja na begi lake. Hotuba zilipokwisha aliomba kopo mbele yetu sote, akalipindua. Bolti ikaanguka juu ya meza ya keki. Akaitazama, akatupa mikono ya kwaheri mmoja mmoja, akachukua begi. Mama Spana, aliyewahi kubeba giaboksi, alikaa kwenye kiti cha mgeni rasmi akalia.

Mkurugenzi wetu hawezi kuona machozi. Akakimbilia gari lake, lililokuwa limelala ofisini tangu lirekebishwe, ili amsogeze Mwalimu stendi na kumbembeleza njiani. Akawasha, akaingiza gia, akakanyaga mafuta. Kiti kikarudi nyuma naye, gari likazimika, na tulichobaki tunakiona dirishani ni soli mbili za viatu.

Mwalimu alisimama na begi lake. Anguko lile alilijua vizuri, aliwahi kuwa ndani yake. Akarudi mezani, akaichukua bolti, akainama chini ya kiti cha Mkurugenzi na kuijaribu. Chanda na pete. Kumbe Mama, kwa mazoea, alikuwa ametia koponi bolti ya watu. Mwalimu akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akatangaza kwamba kopo, kwa hesabu sahihi, lilikuwa tupu tangu juzi, na akaomba msamaha wa kuchelewa.

Mama aliikaza bolti hiyo akiwa na gauni lake la sherehe, mume akimshikia tochi. Mkurugenzi alisubiri kando, amesimama. Halafu Mwalimu akaenda kwenye ile sedani, akakisukuma kiti cha mbele kwa mikono miwili, akakisukuma tena, akaketi. Tiketi ya basi akamwachia mlinzi.

Tunakushukuru, Mama Spana, kwa mafaili, kwa lifti, na kwa misuli uliyotujengea. Wingu lilipasuka mlipofika getini, tukawaona mnavuta, wewe kulia, yeye kushoto, mnagombana nani kamkosesha nani zamu. Iwe hivyo hivyo huko mwendako: mvua zinyeshe zitakavyo, na kamba zote mbili ziwe na mwenyewe.